Kutafuta kazi Zambia kwa LinkedIn ukiwa Lubumbashi

Jumamosi iliyopita shemeji yangu wa Katuba alikuja nyumbani uso umekunjamana. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "hiyo LinkedIn yenu ni uongo. Tangu Januari natuma maombi Zambia, hakuna aliyenijibu." Nikachukua simu yake, nikasoma mstari ulio chini ya jina lake, nikakuta neno "civil", nikacheka. Kosa lake ndilo lililonila mimi miezi saba kabla sijapata kazi kule Solwezi. Tulikaa hadi jioni tukapanga upya kila kitu, na naandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Hatua ya 1: Akaunti

Kufungua akaunti sikufundishi. Nasema mawili tu. Fanya kazi hii kwenye kompyuta, hata ya kuazima. Simu ni ya kujibia ujumbe. Na picha iwe uso wako, kwenye mwanga, bila miwani ya jua na bila bega la bwana harusi aliyekatwa pembeni.

Hatua ya 2: Majina

Sisi tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata la ukoo) na prénom (jina la kwanza), LinkedIn ina visanduku viwili. Fuata pasipoti herufi kwa herufi: prénom kwenye kisanduku chake, nom na postnom pamoja kwenye kile kingine. Shemeji alikuwa ameweka jina la ubatizo na lile wanalomwita mtaani. Mwajiri akiomba diploma, ataona watu wawili.

Hatua ya 3: Cheo cha masomo (hapa usiharakishe)

Sisi tuliosoma Polytechnique, yaani fakilte (kitivo) ya uhandisi ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tunatoka na cheo cha "ingénieur civil". Ni urithi wa Wabelgiji. Neno "civil" pale halihusu barabara wala madaraja. Lilikuwa la kumtofautisha injinia huyo na yule wa jeshi, kwa hiyo wa migodi, wa metalujia na wa elektromekanika wote ni "civil". Sasa vuka mpaka wa Kasumbalesa, uingie Zambia. Kwa Kiingereza, "civil engineer" ni mjenzi, basi.

Mimi niliandika "Civil Electromechanical Engineer", nikajiona nimetafsiri vizuri sana. Kwa miezi saba LinkedIn ikawa inaniletea matangazo ya kazi za lami na zege. Siku moja kampuni fulani ilinipigia, mama mmoja akaniuliza kwa upole nimesimamia ujenzi wa madaraja mangapi. Nikamjibu habari za transfoma. Tukaagana.

Mitego haiishii hapo. "Licence" kwa Kiingereza ni kibali, kama kile cha kuendesha gari. Na hata hapa nyumbani neno hilo sasa lina maana mbili: licence ya zamani ilikuja baada ya graduat (miaka 3 ya kwanza ya chuo), jumla miaka 5, lakini ya mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat) ni miaka 3. Anayesoma wasifu wako Kitwe atajuaje unasema ipi? "Graduat" nayo wanaisoma kama "graduate", yaani mtu mwenye shahada kamili, na mtu wa G3, aliyeishia mwaka wa tatu wa graduat, anajikuta amedanganya bila kujua. Ukiigeuza "Diplôme d'État" kuwa "State Diploma", wanadhani ni diploma ya chuo, kumbe ni D6 yetu, cheti cha kumaliza sekondari.

Dawa yake ni kuacha kutafsiri neno na kueleza masomo. Mstari wa chini ya jina una nafasi ya herufi 220. Anza na kazi yenyewe, "Electromechanical Engineer", kisha mashine unazozijua, kisha mji. Neno "civil" litoke kabisa pale. Halafu kwenye sehemu ya elimu andika cheo kwa Kifaransa kama kilivyo kwenye diploma, na chini yake sentensi moja ya Kiingereza inayosema umesoma chuo miaka mingapi baada ya sekondari, na fani gani.

Usijipe "Master's" mwenyewe, tafadhali. Kulinganisha vyeti vya nje ni kazi ya ZAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Zambia. Wakikupa daraja la chini kuliko ulilojitangazia, mwongo ni wewe.

Na usiikabidhi kazi hii kwa programu ya kutafsiri. Ndiyo iliyompa shemeji "civil" yake. Tafuta mtu aliyefanya kazi kule, mnunulie soda, keti naye nusu saa.

Shemeji akauliza, "Na nikiomba Ulaya?" LinkedIn inaruhusu kuongeza wasifu wa lugha ya pili, kwa hiyo Kifaransa kikae huko. Ila hata hapo eleza. Mbelgiji atakuelewa mara moja. Mfaransa anaposikia "génie civil" anafikiria majengo.

Hatua ya 4: Kazi ulizofanya

Shemeji alikuwa ameandika "msimamizi wa matengenezo". Matengenezo ya nini? Nikamuuliza maswali kama polisi: pampu za aina gani, mota za volti ngapi, timu ya watu wangapi, mliwahi kupunguza muda wa mashine kusimama? Ikatokea kwamba kijana amekaa Kolwezi miaka minne na pampu za kuondoa maji mgodini, na hakuandika hata moja! Anayetafuta fundi huandika jina la mashine kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama neno halimo kwenye wasifu wako, haupo.

Hatua ya 5: Watu, na hasa wa shule yako

Maombi mia ya kubonyeza tu siyaamini. Naamini watu. Fungua ukurasa wa chuo chako, ingia sehemu ya waliosoma pale, kisha chuja kwa nchi wanayoishi. Andika Zambia. Shemeji alishangaa kuona wenzake walioko Solwezi, Kalumbila na Chingola, wengine alikaa nao darasani.

Usiwaandikie wakurugenzi. Mwandikie fundi au injinia aliyekutangulia miaka mitano hivi. Akaunti ya bure inakupa maombi machache tu yenye ujumbe kwa mwezi, kwa hiyo usiyamalize kwa "habari". Na usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza! Uliza kitu anachoweza kujibu akiwa kwenye basi. Huu ndio tulioutuma:

"Habari za kazi, yaya. Nami nimetoka Poly, elektromekanika, sasa niko kwenye pampu Kolwezi. Naona uko mgodi wa Kansanshi. Je, kabla ya kuomba kazi ulijiandikisha kwanza EIZ, au kampuni ilikusaidia baadaye?"

EIZ ni chombo kinachosajili mainjinia Zambia, na bila usajili wake huruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi, kwa hiyo swali si la kujifanya. Akijibu, mshukuru, rudi baada ya wiki na swali jingine. Mambo ya kazi atayaleta mwenyewe.

Hatua ya 6: Alama ya kutafuta kazi

Washa "Open to Work", lakini chagua ionekane na waajiri peke yao. Ile duara ya kijani kwenye picha siipendi. Kama bado una kazi, jua kwamba LinkedIn inajaribu kuwaficha watu wa kampuni yako, ila haikuahidi kwa asilimia mia.

Hatua ya 7: Pesa na karatasi

Wiki ya kwanza tu alijitokeza komisyoneri (dalali) mmoja, picha ya suti, akitaka dola 150 "za kibali". Kibali cha ajira huombwa kwa kazi iliyokwisha patikana, na kampuni inahusika katika maombi yake. Mtu anayeuza kibali kabla ya kazi anauza hewa. Angalia pia barua pepe yake: kampuni ya mgodi haikuandikii kwa anwani ya bure.

Wakati unasubiri majibu, kusanya diploma na relevé (karatasi za alama) za kila mwaka, pasipoti, na tafsiri za Kiingereza za mtafsiri aliyeapishwa. Piga nakala mchana, kwenye mwanga mzuri. Shemeji alipoteza relevé ya mwaka wa pili alipohama nyumba, na yaya wa Kansanshi ameshamjibu, anataka dosie nzima. Jumatatu tunaenda sekretariati ya fakilte, mimi na yeye, saa mbili asubuhi.