Kabla hujaingia darasa la utabiri wa biashara chuo kikuu

Somo la utabiri wa biashara kwa kawaida huja mwaka wa pili au wa tatu, ndani ya shahada ya takwimu, ya uchumi au ya biashara. Likifika, mhadhiri huchukulia kwamba mengine yote unayajua, wala harudi nyuma. Wanaoanguka humo ni nadra kuangushwa na kanuni, maana kanuni zimo kwenye kompyuta. Huangushwa na takwimu zilizokusanywa ovyo na kalenda waliyoisahau. Mambo hayo mawili yanaandalika mapema, tena bila ada.

Kama bado uko S.6 (kidato cha sita hapa Uganda), hesabu ndiyo ya kuanza nayo. Katika kupanga nafasi za chuo, alama ya somo la lazima huzidishwa kwa 3, ya somo linalohusiana kwa 2, na ya somo la ziada kwa 1. A ni 6, E ni 2. Pale hisabati inapohesabiwa kuwa somo la lazima, A inakupa 18 na E inakupa 6: pengo la alama 12 kutoka somo moja. Kabla ya kulipa chochote, angalia pia kama kozi yenyewe, si chuo tu, ina ithibati hai ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE), kwa sababu ithibati ya kozi ina muda wake.

Aliyekwisha kupata nafasi ajipime kwa swali dogo. Mauzo yakipanda kutoka 2,400 hadi 3,000, yamepanda kwa asilimia 25. Yakirudi kutoka 3,000 hadi 2,400, yameshuka kwa asilimia 20, si 25, ingawa tofauti ni ileile 600. Ukielewa kwa nini, utaelewa pia kwa nini mhadhiri atakuambia uchukue logi ya mauzo kwanza: kwenye logi asilia, kupanda na kushuka huko ni 0.223 kwenda na 0.223 kurudi. Swali likikusumbua, tenga wiki mbili za likizo urudie asilimia, logi, mlinganyo wa mstari mnyoofu, wastani na mkengeuko sanifu. Hizo zinatosha kuanzia. Usijitese na kalkulasi ngumu kwa ajili ya somo hili.

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Excel itakubeba nusu ya muhula, kisha utahitaji R, programu ya takwimu ambayo ni ya bure. Ipakue na vifurushi vyake (programu ndogo za kuiongezea) ukiwa na intaneti nzuri, usingoje usiku wa kuamkia kazi ya darasani. Jambo moja la Excel limeharibu kazi nyingi: tarehe. Ukiandika 03/04/2024, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma tarehe 4 Machi, ya mtindo wa Uingereza husoma tarehe 3 Aprili. Haitoi onyo lolote, mfululizo wako wa takwimu za mwezi kwa mwezi unavurugika kimyakimya. Andika mwaka kwanza, 2024-04-03, na mpangilio wa kompyuta hautakuwa na la kusema. Tarakimu kama 1,250,000 zenye mikato nazo mara nyingi R huzichukulia kuwa maneno, kwa hiyo ondoa mikato kabla ya kuhifadhi faili.

Sasa takwimu zenyewe. Ukiingia darasani na mfululizo wako mkononi, umewaacha mbali wenzako watakaoanza kuutafuta wiki ya nane. Lenga miezi 60, na usishuke chini ya 36, maana miezi 36 ina Februari tatu tu, na ukitaka kujua Februari huwaje, Februari tatu ni ushahidi mwembamba. Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, hutoa kila mwezi fahirisi ya bei, yaani tarakimu moja inayoonyesha bei kwa jumla zimepanda au kushuka kiasi gani. Benki Kuu hutoa viwango vya kubadilisha fedha. Ukichukua fahirisi, soma mwaka wa msingi, yaani ule ambao mingine hulinganishwa nao. UBOS ilihamisha msingi wa Pato la Taifa kutoka 2009/10 kwenda 2016/17, na fahirisi za bei nazo huhamishwa. Ukiunganisha vipande viwili vyenye misingi tofauti bila kuvilinganisha, mchoro utaonyesha bei zikiporomoka ghafla mwezi mmoja ilhali sokoni hakuna kilichoshuka. Kumbuka pia kwamba mwaka wa fedha 2023/24 ni Julai 2023 hadi Juni 2024. Anayeweka tarakimu ya mwaka huo wa fedha kwenye safu ya mwaka 2024 ameisogeza nusu mwaka.

Daftari la duka ni tamu kuliko takwimu za serikali, ila lina mitego yake. Wa kwanza ni kodi: baadhi ya kurasa huandikwa bei pamoja na VAT ya asilimia 18, nyingine bila, kwa hiyo biashara ileile inaonekana 1,180,000 mwezi huu na 1,000,000 mwezi ujao. Mtego mkubwa zaidi ni huu: daftari huandika kilichouzwa, haliandiki kilichotakiwa. Sukari ikiandikwa 0 kwa siku tano, je, wateja hawakuja, au mzigo uliisha? Muulize mwenye duka ukurasa kwa ukurasa, na ufungue safu ya pembeni ya kuandika «hakuna mzigo». Bila safu hiyo modeli yako (hesabu ya kutabiri unayoijenga kwa takwimu hizo) itatabiri mauzo madogo, duka litaagiza kidogo, mzigo utaisha tena, na utabiri utaonekana ulikuwa sahihi. Wachache sana hulipatia jambo hili uzito wake, hata miongoni mwa waliohitimu.

Kisha kalenda. Chora jedwali la miezi ya miaka yako mitano, ujaze kwa kalamu: mwanzo wa kila muhula wa shule, mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba (kaskazini msimu ni mmoja mrefu), Krismasi, Pasaka na Idi. Hizi mbili za mwisho huhama. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31 na Idi ya Fitri ikaangukia Aprili. Mwaka 2025 zikapishana, Idi ikaja mwisho wa Machi na Pasaka Aprili 20. Anayelinganisha mauzo ya mchele ya Aprili hizo mbili bila kujua analinganisha sikukuu mbili tofauti. Weka pia alama kipindi cha Machi 2020 hadi Januari 2022, shule zilipofungwa kwa sehemu kubwa ya muda huo. Usikifute. Kipe safu yake ya 0 na 1 (1 kwa miezi hiyo, 0 kwa mingine) ili modeli ijue kilikuwa kipindi cha pekee.

Kwa nini kalenda inashinda kanuni? Tuseme duka la jumla pale Kikuubo, mtaa wa biashara Kampala, linauza madaftari ya shule. Mwaka jana liliuza katoni 95 Januari, 210 Februari, 60 Machi na 35 Aprili. Mwaka huu limeuza 105, 230 na 64, na unataka kutabiri Aprili. Wastani unaosogea wa miezi mitatu ni 399 kugawa kwa 3, yaani katoni 133. Mwenye duka atacheka. Muhula umeshakolea, kila mtoto ana daftari. Chukua badala yake Aprili ya mwaka jana, 35, kisha uipandishe kwa ukuaji wa mwaka huu: 399 kugawa kwa 365 ni 1.093, kwa hiyo utabiri ni katoni 38. Hesabu hiyo inafanyika nyuma ya risiti, na ndiyo kipimo cha kwanza ambacho modeli yako ya kifahari lazima ikishinde. Mara nyingi haikishindi. Mtafiti wa utabiri Spyros Makridakis na wenzake walishindanisha mbinu kwenye mifululizo 1,001 mwaka 1982, wakakuta mbinu ngumu hazikuwa lazima bora kuliko nyepesi.

Ili ushindani uwe wa haki, kata miezi 12 ya mwisho uiweke kando kabla ya kuanza, na usiitazame hadi modeli iwe tayari. Kupima makosa ya utabiri kwenye miezi ileile iliyotumika kuitengeneza ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu. Zoea pia kuhesabu kosa kwa namna mbili, kwa katoni na kwa asilimia. Asilimia zinapendeza kwenye ripoti, lakini mwezi wa mauzo 0 unakulazimisha kugawa kwa sifuri, na mwezi wa katoni 2 uliotabiriwa 6 unaleta kosa la asilimia 200 kwa sababu ya katoni nne tu.

Barua ya idara ya kuombea takwimu iombe wiki ya kwanza, kwa sababu saini huchelewa. Na mwenye duka akisita kwa kuhofia washindani wasione mauzo yake, mwambie utazidisha kila tarakimu kwa namba moja mnayoijua ninyi wawili, tuseme 0.7, na jina la duka halitaandikwa. Misimu itabaki palepale, na makosa kwa asilimia hayatabadilika hata kidogo.