Kumchukua Mbwa Aliyeokolewa na Kumzoesha Nyumba

Mbwa wetu anaitwa Kunde kwa sababu ya rangi yake ya maji ya kunde. Tulimchukua katika kituo cha wanyama jijini Nairobi akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka miwili, na siku ya pili tu akatutoroka. Kosa lilikuwa letu: tulikuwa tumewaalika majirani waje kumwona, lango likaachwa wazi, naye kwa hofu ya sauti nyingi asizozijua akapenya katikati ya miguu ya wageni akatokomea. Tulimpata magharibi amejikunyata nyuma ya bucha, umbali wa karibu kilomita moja. Ninaandika mwongozo huu nikiikumbuka jioni ile, kwa kuwa mengi yanayoharibika katika kumlea mbwa aliyeokolewa huharibika siku za mwanzo, na chanzo chake huwa ni haraka ya watu wala si ubaya wa mbwa.

Kabla ya kwenda kituoni

Jiulize kwanza unamtakia nini. Katika miji yetu watu wengi huanza kutafuta mbwa baada ya wizi kutokea mtaani, wakamchukua, wakamfungia kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, kisha wakatundika langoni lile bango la kuonya kwamba mbwa ni mkali. Mbwa anayelelewa hivyo hamjui mtu yeyote, na siku mtoto wa nyumba atakapompitia karibu hatatofautisha kati yake na mwizi. Ikiwa haja yako ni ulinzi peke yake, ninakusihi uongeze taa na kuimarisha ua, umwache mbwa wa kituoni apate watu watakaoishi naye. Isitoshe, mbwa aliyewazoea watu wake hubweka mwenyewe anaposikia hatua asizozijua usiku, bila kufundishwa na mtu.

Jambo la pili ni ridhaa ya wote wanaoishi nyumbani, na hapa ninamkusudia hasa msaidizi wa nyumbani, ambaye mara nyingi husahaulika ingawa ndiye atakayeshinda na mbwa huyo kutwa nzima. Akiwa anawaogopa mbwa, na wengi wana sababu nzuri ya kuwaogopa, mueleze mapema, msikilize, na ikiwezekana nenda naye kituoni. Mpangaji naye apate kibali cha mwenye nyumba, tena cha maandishi.

Katika familia za Kiislamu suala la twahara, yaani usafi wa kidini, lizungumzwe wazi kabla ya mbwa kufika. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Nyumba inayoishika hukumu hiyo inaweza kumwekea mbwa makazi yake uani, vyombo vyake peke yake na mtu maalumu wa kumlisha, na mbwa akaishi kwa raha. Kinachomtesa mbwa ni kupuuzwa, na mbwa wa uani anayetembezwa, kusemeshwa na kushibishwa hajapuuzwa.

Ukague ua kwa macho ya mbwa, yaani kutoka chini. Ua wa michongoma huonekana imara kwa mtu aliyesimama, lakini ukiinama utaona matundu kwenye mashina ambayo mbwa wa kimo cha wastani hupenya bila taabu. Tazama pia nafasi iliyo chini ya lango.

Kumchagua

KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama nchini Kenya kilichokuwapo tangu 1910, kina makazi ya wanyama katika Barabara ya Langata jijini Nairobi. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, shirika la Mbwa wa Africa huwaokoa na kuwatunza mbwa Usa River, karibu na Arusha. Vituo vinavyofanya kazi yao kwa uangalifu hukuhoji, huweza kuja kuiona nyumba yako, na hukutoza ada. Usikerwe na maswali yao, kwani kituo kinachomtoa mbwa kwa yeyote anayepita huenda pia hakijamchunguza mbwa huyo.

Wengi hupenda watoto wa mbwa. Mimi humshauri mtu anayeanza achukue mbwa mzima, kwa sababu tabia yake imekwisha kuonekana na wahudumu wanaweza kukueleza: anawavumilia watoto, paka au kuku? Analinda chakula chake? Anaogopa wanaume, au mtu aliyeshika fimbo au ufagio? Mbwa anayebaki nyuma ya banda wakati wengine wanarukaruka si lazima awe mgonjwa wala mkali. Keti chini kando yake, mgeuzie bega badala ya uso, nyamaza kwa robo saa, uone kama atasogea. Kunde alichukua ziara tatu kabla ya kuninusa mkono.

Omba kadi ya chanjo na uisome. Mbwa mzima awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa na dhidi ya magonjwa ya distempa na pavo, awe amepewa dawa ya minyoo, na awe amehasiwa au kufungwa uzazi. Kwa mbwa jike jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee: hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, takriban mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na mzao mmoja unaweza kuwa wa watoto wanane au zaidi, ambao wengi wao huishia kuwa wale wale mbwa koko ambao vituo vinahangaika kuwaokoa.

Siku ya kumleta na wiki zinazofuata

Nendeni watu wawili kwa gari, mmoja aendeshe na mwingine akae na mbwa kiti cha nyuma, juu ya shuka kuukuu. Asiwe amekula kwa saa chache, kwa maana huenda hajawahi kupanda gari na atatapika. Usimweke katika buti lililofungwa. Mvalishe mkanda wa shingo wenye namba yako ya simu kabla hajatoka kituoni, na usimfungue kamba mpaka lango la nyumbani limefungwa nyuma yenu.

Mkifika, usimwingize ndani moja kwa moja. Mzungushe uani akiwa kwenye kamba, anuse, na umpeleke mahali unapotaka awe anajisaidia. Kisha mwonyeshe pembe yake, penye maji na kitu cha kulalia, pasipo njia ya watu kupita. Akijificha, mwache. Wasije wageni, asiogeshwe, asipelekwe matembezi ya mbali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu jembe lake halifiki siku ya tatu. Waokoaji wa mbwa hukadiria siku tatu za hofu, wiki tatu za kuijua ratiba ya nyumba, na miezi mitatu kabla ya kuonyesha tabia yake halisi, na kwa Kunde makadirio hayo yalikaribia ukweli kiasi cha kunishangaza. Wiki mbili za kwanza hakubweka hata mara moja, nasi tukadhani tumepata mbwa mpole kupita kiasi, kumbe alikuwa bado anatupima.

Kwa wiki ya kwanza mpe chakula kile kile alichokula kituoni, kisha ubadilishe kidogo kidogo kwa siku saba hivi ili asiharishe. Mbwa mzima atosheke na milo miwili kwa siku, mtoto mitatu au minne. Ugali kwa omena au kwa matumbo yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu unafaa, mradi ugali usiwe ndio karibu chakula chote. Kitunguu cha aina yoyote, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni yasipewe mbwa kamwe, kwa kuwa humpatia minyoo ya tegu ambayo mayai yake, yakimfikia binadamu, husababisha malengelenge makubwa katika ini na mapafu. Waturkana wa kaskazini mwa Kenya wanaufahamu ugonjwa huo vizuri kuliko wengi.

Watoto wafundishwe kabla mbwa hajafika. Wasimkumbatie, wasimwinamie usoni, wasimsogelee anapokula au anapolala. Wafundishwe pia kuisoma lugha yake: mbwa anayelamba midomo yake bila chakula, anayepiga miayo hali hana usingizi, anayegeuza uso au anayefyata mkia anaomba nafasi. Akinguruma, ameonya kwa sauti. Usimpige kwa kunguruma, kwa maana utamfundisha kutoonya, na siku nyingine ataanza kwa kuuma. Adhabu kwa jumla haimsaidii mbwa aliyepigwa mawe barabarani maisha yake yote. Akikojoa ndani, safisha bila neno, na umtoe nje mara kwa mara: anapoamka, baada ya kula, na kabla ya kulala. Akikojoa mahali panapofaa, msifu papo hapo na umpe kipande kidogo cha nyama.

Kama una mbwa mwingine, wakutane nje ya nyumba, kila mmoja na mtu wake, mkitembea upande mmoja kwa umbali wa hatua kadhaa mpaka wapoe. Wiki za mwanzo walishwe mbali mbali.

Afya, ambayo haistahili kusubiri

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya wiki ya kwanza hata kama kituo kimemchunguza. Kupe ndio adui mkubwa: watafute ndani ya masikio, kati ya vidole na chini ya mkia kila jioni, na utumie dawa uliyoelekezwa na daktari kulingana na uzito wake. Mbwa aliyelegea, mwenye fizi zilizopauka, homa au mkojo mweusi apelekwe siku hiyo hiyo, kwa sababu homa za kupe huua upesi lakini hutibika zikiwahiwa.

Kuna ugonjwa mmoja ninaoomba ujulikane zaidi. Mbwa wa mtaani, jike au dume, akidondokwa na damu sehemu za siri kwa wiki nyingi, au akiwa na uvimbe unaofanana na koliflawa, huenda ana uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Watu huona ni saratani isiyo na tiba wakamwua mbwa, ilhali huu ni miongoni mwa uvimbe unaotibika vizuri kabisa: sindano ya dawa ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita au zaidi kidogo, huwaponya walio wengi. Kunde alikuwa nao. Baada ya sindano ya tano haukuonekana tena.

Nimeona pia mbwa waliopakwa mafuta machafu ya gari ili kuponya ukurutu, na wengine waliooshwa kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho. Mafuta hayo hupenya ngozi na mbwa huyalamba, na yote mawili huweza kumwua. Usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa wakati ulioandikwa kwenye kadi, kwa kawaida kila mwaka. Karibu visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Mtu yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Ukishindwa

Wakati mwingine mambo hayaendi. Mtoto wa nyumba ana mzio, au mbwa anamwandama paka usiku na mchana, au kazi imekuhamisha. Usimpeleke kijijini kwa mtu ambaye hakuomba mbwa, wala usimwache sokoni ukidhani atajitegemea. Kipigie simu kituo kilichokupa, kwa kuwa vingi huandika katika mkataba kwamba mbwa arudishwe kwao, na upange siku ya kumrudisha. Peleka kadi yake ya chanjo, shuka alilolizoea, na karatasi iliyoandikwa kwa ukweli mambo uliyoyajua juu yake: anakula nini, anaogopa nini, ameshajifunza nini, na ni kitu gani hasa kilichokushinda, ili familia itakayofuata isianze upya na mbwa ambaye tayari unamfahamu.