Chapati na maharage ya kubeba kazini

Kama umechoshwa na chipsi za mchana, rudi kwenye kile alichokuwa akitufungia mama enzi za shule: chapati na maharage. Chemsha maharage jioni, lakini yasiyoliwa usiku huo yatenge kabla hujatia tui. Yakipoa, weka kwenye friji. Tui la nazi huchacha upesi kwa joto la Dar, na ukifungua mkebe saa saba mchana, ofisi nzima itajua. Asubuhi yaunge kwa kitunguu na nyanya, yachemke hasa, si kupashwa juu juu.

Hotipoti ijaze maji yanayochemka, funika kama dakika 5, mwaga, ndipo umimine maharage yakiwa bado yanatokota. Wengi huruka hatua hii halafu wanalaumu hotipoti.

Chapati usizifungie humo, mvuke utazilowesha. Ziache zipoe, zikunje kwenye kitambaa safi cha pamba. Zikikauka kidogo si neno, mchuzi upo. Mimi huongeza pilipili mbichi moja na ndizi mbivu. Kijiko ukikisahau, chapati itafanya kazi.