Gari la Oto: Oili ya Giaboksi Ibadilishwe Lini?

Gari limetoka bandarini, dashibodi inasoma kilomita 92,000, kijitabu cha matengenezo kiko kwa Kijapani au hakipo kabisa. Oili ya injini itabadilishwa wiki hiyohiyo. Ya giaboksi huachwa mpaka gari lianze kuteleza gia, na hapo mara nyingi klachi za ndani zimeshalika.

Oili hii, ATF, inalainisha meno, inapoza, inabeba presha ya kusukuma klachi, na inazipa klachi hizo mshiko wa kiwango maalumu. Huo mshiko ndio unaoharibika mapema kwa joto, hata rangi ikiwa bado inaridhisha. Kwa hiyo usiamue kwa rangi peke yake. Unganisha kilomita, hali ya oili na tabia ya gari.

Tuanze na kilomita. Wapo watengenezaji walioandika kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayounda giaboksi za BMW nyingi, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Kwa Toyota za huku kwetu (IST, Premio, Noah) tunahesabu 40,000 kwa teksi, gari la kushinda kwenye foleni, au linalopanda Kitonga na Mai Mahiu likiwa na mzigo nyuma ya malori. Gari la safari ndefu za tambarare linaweza kufika 60,000 hadi 80,000. CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, tusiipeleke zaidi ya 50,000. Gari lisilo na historia lichukulie kama halijawahi kubadilishwa. Hata hizo kilomita za dashibodi, zilinganishe kwanza na zilizoandikwa kwenye cheti cha Japani cha kulitoa gari nchini. Mita hurudishwa nyuma.

Kisha pima. Kwa Toyota yenye dipstiki, endesha dakika 20 hivi ili oili ipate moto, egesha pa tambarare, acha injini ikiwaka. Kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi L ukituliza kidogo kila moja, rudi P. Chomoa dipstiki, futa, ichomeke hadi mwisho, chomoa tena, usome alama za HOT. Za COLD ni za makadirio tu. Honda ni kinyume: ipate moto, zima injini, kisha pima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Fundi anayepima Honda injini ikiwaka ataona oili imepungua, ataongeza, na oili iliyozidi hupigwa mpaka ikatoa povu. Povu halibebi presha, gia zikaanza kuteleza kwenye gari lililokuwa zima.

Dondosha tone kwenye tishu nyeupe, subiri dakika chache. Likisambaa pana na wekundu wake, oili bado inafaa. Likiwa la kahawia na kusambaa kidogo, panga kubadilisha mwezi huu. Likibaki doa jeusi katikati na harufu kama ya mkate ulioungua, klachi zimeanza kuungua. Rangi ya waridi yenye ukungu, kama maziwa, maana yake maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili: usiendeshe, na kumwaga oili peke yake hakutasaidia mpaka kipoza kitengenezwe. Tahadhari tu kwamba si kila oili mpya ni nyekundu; NS-2 ya CVT za Nissan ni ya kijani.

Kwa tabia, dalili inayotibika zaidi ni mtetemo mfupi ukiwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa huku umegusa mafuta kidogo tu, kama unapita juu ya matuta madogo. Mara nyingi ni klachi ya toki konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kupitia oili) kushika kwa kusitasita, na oili mpya huituliza. Lakini angalia plagi na koili kwanza, maana injini inayokosa moto hutetema vilevile. Kuingiza D na kusubiri zaidi ya sekunde mbili, au resi kupanda bila mwendo kuongezeka, ni dalili nzito zaidi. Kishindo cha kuingiza gia kinaweza kuwa mauntini za injini tu, yaani mipira inayoishikilia.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli ya gereji kwamba ukibadilisha oili ya zamani giaboksi inakufa. Wengi huibadilisha ikiwa imeshaanza kuteleza, halafu oili mpya ndiyo inayolaumiwa. Giaboksi ya kilomita 150,000 inayobadili gia vizuri, ibadilishie, ila kwa kumwaga na kujaza tu; usiisukumizie mashine ya presha inayoweza kung'oa uchafu na kuupeleka kwenye vali. Ikiwa tayari inateleza na oili ni nyeusi, weka fedha kwa ajili ya giaboksi nyingine.

Kumwaga kunatoa lita 3 hivi kati ya 6 au 7. Nyingine zimebaki kwenye konveta na mabomba. Kwa giaboksi ya lita 6.5, mara moja inakupa asilimia 46 ya oili mpya, mara mbili 71, mara tatu 84. Endesha kilomita 500 hivi kati ya awamu moja na nyingine. Nunua kwa maandishi yaliyo kwenye dipstiki au kitabu, si kwa jina la gari: Vitz mbili za umbo moja, moja yaweza kuwa ya gia nne na nyingine CVT. T-IV na WS, aina mbili za ATF za Toyota, hazibadilishani, WS ni nyepesi zaidi. ATF ya kawaida kwenye CVT huharibu mkanda.

Kabla ya kufungua bolti ya chini, hakikisha bolti au tundu la kujazia linafunguka. Hakikisha pia ni bolti ya giaboksi, hasa kwenye Subaru na Honda: kuna gari limemwagwa ATF kwa makosa, kisha injini ikajazwa oili mara mbili. Pima kilichotoka kwenye galoni yenye alama, rudisha kiasi hichohicho, weka washa (ringi ya bolti) mpya. Ukishusha sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), futa sumaku iliyomo: uji laini wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Giaboksi nyingi za WS hazina dipstiki. Hizo hujazwa mpaka oili ichuruzike kwenye tundu la kiwango, injini ikiwaka, gari likiwa sawasawa pande zote, na oili ikiwa na joto linalotajwa na mtengenezaji, kwenye Toyota nyingi nyuzi 35 hadi 45 za Selsiasi. Fundi asiye na skana ya kusoma joto hilo anabahatisha. Ukimaliza, andika kilomita na aina ya oili kwenye kibandiko chini ya boneti.