Namna ya Kusoma Riwaya ya Kuchekesha Bila Kuacha Utani Njiani

Riwaya ya kuchekesha haisomwi kwa macho peke yake. Inataka sikio, inataka penseli, na ikiwezekana inataka mtu wa pili ambaye hamkuzaliwa zama moja. Nauza vitabu vilivyotumika, mezani, jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, na nimeona wasomaji wazuri kabisa wakirudisha kitabu kilichojaa utani wakisema hakina kitu. Kitu kilikuwemo. Walikipita mbio.

Ninaposema riwaya ya kuchekesha sina maana ya ile ya kushika mbavu tu. Nyingi za kwetu zinachekesha huku zinauma. Mwandishi anamsema mkubwa, lakini hamsemi waziwazi. Anamficha kwenye jina, kwenye methali iliyokatwa mkia, hata kwenye kiambishi. Kumtafuta alikojificha ndiyo nusu ya raha ya kitabu.

Anza na majina. Usivuke jina la mtu wala la mahali kabla hujaligeuzageuza mdomoni. Shaaban Robert alikuwa mkarimu kwa msomaji: katika Kusadikika, kilichotoka 1951, anayeshtakiwa anaitwa Karama na anayemshtaki anaitwa Majivuno. Hujaisikiliza kesi, tayari unajua wa kumwamini ni nani. Nchi yenyewe inaelea angani, na jina lake linakuambia kuwa ni ya kusadikika tu. Lakini mwaka ule Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na msomaji aliyekaa hapa chini ardhini aliweza kujijazia mwenyewe kwamba anasemwa nani. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mwivu anasikika mara moja. Hasidi huwa nawaona vijana wakimpita mpaka niwakumbushe neno husuda.

Waliofuata walificha zaidi. Katama Mkangi wa Kenya aliiita riwaya yake ya 1995 Walenisi. Kwenye jalada unaweza kudhani ni kabila au sayari. Sasa litamke haraka, kisha polepole: wale ni sisi. Mhusika anatoka kwao, anafika nchi ya mbali yenye mambo mageni kabisa, na muda wote huo jina la nchi limekwisha kukuambia habari ya wenyeji wake. Mwanafunzi mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuwa amekaa kwenye benchi langu, yuko katikati ya kitabu hicho, mara akakifunga, akatazama jalada, akasema kwa sauti, “Wale ni sisi!” Akarudi ukurasa wa kwanza. Kyallo Wadi Wamitila naye ana Musaleo! ya 2004, humo mtafute Musa, halafu itafute leo.

Kwa hiyo kata kipande cha karatasi, kiwe alama ya ukurasa, na kila jina jipya liandike humo. Likate silabi, liunge na neno la jirani, ulisikilize kama lina Kiarabu au lugha ya nyumbani ndani yake. Mengi hayatakupa kitu, na hilo si hasara, kwa sababu mwandishi anahitaji pia majina ya kawaida ili yale yenye siri yasionekane.

Kwenye majina ya mahali sisi wa Dodoma tuna bahati. Tuna kata inaitwa Zuzu, upande wa magharibi, reli inapita huko. Tuna Mtumba, ambako umejengwa Mji wa Serikali. Mwandishi akiandika “tangu asubuhi Mheshimiwa yuko Mtumba”, mkazi wa hapa anaona ofisi na walinzi getini, wakati msomaji wa Mbeya anaona Mheshimiwa akichambua mashati ya belo. Na jina la Dodoma lenyewe wazee wa Kigogo wanalisimulia kwa habari ya tembo aliyezama matopeni: idodomya, amezama. Basi ukikuta riwayani kwamba faili la mhusika lilipelekwa Dodoma likazama huko, simama hapo. Aliyesimuliwa habari ya tembo huyo anacheka mara mbili, na wewe ukiijua utacheka naye.

Baada ya majina, sikio. Nakuomba usome kwa sauti, hata kwa mnong'ono, hata ndani ya treni. Utani wa Kiswahili unakaa zaidi kwenye matamshi kuliko kwenye maandishi, na ukurasa haukuonyeshi mkazo uko wapi. Chukua sentensi hii niliyoitunga: “Mkandarasi alikula barabara.” Weka mkazo kwenye silabi ya pili, ba-RA-bara, na mkandarasi ameshiba vizuri. Upeleke kwenye silabi ya tatu, bara-BA-ra, na sasa unajua kwa nini lami haikufika kijijini. Maandishi ni yaleyale. Mwandishi amekuachia wewe uamue, na akiulizwa atasema alimaanisha chakula.

Nyingine: “Mwaka wa njaa, Mheshimiwa alilia kijijini kwetu siku mbili mfululizo, na alipoondoka zizi la mbuzi lilikuwa tupu.” Mwanzo unamwona akifuta machozi. Ukifika kwenye zizi unagundua kwamba alilia kama watu wanavyolia hotelini, kwa kijiko na mkono. Sentensi za namna hii zina kawaida ya kuweka ufunguo mwishoni, kwa hiyo neno la mwisho likikushangaza, usiendelee mbele. Rudi mwanzo wa sentensi uisome tena huku unalijua lile la mwisho. Kicheko kinakuja mara ya pili.

Kamusi inasaidia hapa kuliko watu wanavyofikiri. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu kwenye paa, au chungu, au kaa, utakuta neno moja limeingizwa mara kadhaa, kila maana na namba yake. Mimi husoma kurasa hizo kwa kujifurahisha tu. Ukishazizoea, riwayani unaona kutoka mbali kwamba mwandishi hakuchagua chungu kwa bahati.

Sasa nifike kwenye ngeli, sehemu ninayoipenda kuliko zote na ambayo wasomaji wanaipita bila kupunguza mwendo. Soma hii: “Mkurugenzi aliingia ofisini saa nne. Lilivuta kiti, likakaa, likaagiza chai.” Umeona? Hakuna tusi lililoandikwa, hakuna sifa mbaya, hakuna hata neno “nene”. Mtu ameingia akiwa katika ngeli ya watu, akakaa kitini akiwa jitu. Kazi yote imefanywa na herufi mbili. Kinyume chake kipo pia: mtu mzima akianza kuandikwa kilikuja, kikasema, kikaketi, ujue mwandishi amempunguza kimo bila kumgusa. Na kitu kikipandishwa, mathalani “baiskeli yangu leo amechoka, hataki kupanda mlima”, hapo ni mapenzi, na mara nyingi ni ishara kwamba kitu hicho kitatendewa kama mhusika mpaka mwisho. Kwa hiyo weka penseli kila mahali upatanisho unapobadilika. Kwanza jiulize kama ni kosa la uchapaji, maana yapo. Likijirudia kwa mhusika yuleyule, si kosa. Kisha angalia linaanzia wapi: je, ni baada ya Mkurugenzi kupata cheo? Ni mbele ya wanyonge tu, na mbele ya wakubwa wake anarudi kuwa mtu? Humo mna hadithi nzima iliyofichwa chini ya hadithi.

Methali nazo huja zimekatwa, na hilo ni dokezo ambalo wengi mnalijua bila kujua kwamba mnalijua. “Mgeni alikuwa ameingia siku ya tatu, na mama mwenye nyumba akaanza kutafuta jembe.” Aliyelelewa kwa Kiswahili hahitaji maelezo. Methali iliyopindwa inataka umakini kidogo: haba na haba hujaza mfuko wa mweka hazina. Kanuni yangu ni kwamba sentensi yoyote yenye mwendo wa methali lakini yenye mwisho mgeni, itafutie mwisho wake wa kweli kabla hujageuza ukurasa. Nyingine zitakushinda kwa sababu ya jiografia. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi wa bara, wenye Bahi na ng'ombe, chombo cha baharini tunakisikia tu, na riwaya ikicheza na ngama inatubidi tumwulize mtu wa pwani. Uliza. Ataona fahari kukueleza.

Halafu kuna hadithi za zamani zilizovaa nguo mpya. Mhasibu wa kikundi anawaambia wanachama kwamba fedha zao zimefariki. Wanaomjua Abunuwasi wamekwisha kukumbuka sufuria aliyoiazima kwa jirani, akairudisha pamoja na ndogo akisema imezaa, na jirani akapokea kwa furaha. Alipoiazima tena akasema imekufa. Ukiijua hadithi hiyo, humcheki mhasibu peke yake. Unawatazama na wanachama, unajiuliza mara ya kwanza walipokea nini wakanyamaza. Hata Adili na Nduguze ina mzee wake katika Alfu Lela Ulela: kule ndugu wawili wabaya wanageuzwa mbwa, kwa Shaaban Robert wanakuwa manyani. Badiliko dogo kama hilo lifuatilie, mwandishi hakulifanya usingizini.

Maneno ya zama ndiyo yanayohitaji yule mtu wa pili. Kijana akisoma “kupe” katika riwaya ya miaka ya 1970 anaona mdudu wa ng'ombe. Babu mmoja, mstaafu wa reli, anayekuja mezani kwangu kusoma magazeti, anasikia mnyonyaji, anasikia redio, anasikia Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa. Mhusika mvivu akitamka “siasa ni kilimo” huku amekaa kilabuni, babu anacheka kwa sababu anakumbuka 1972, kaulimbiu hiyo ilipotolewa, na shamba lenyewe. Muuza duka akirudia “ruksa, ruksa”, waliokuwepo enzi za urais wa Mzee Mwinyi wanajua anaigwa nani. Lakini mgeuze babu huyohuyo, mpe riwaya ya karibuni yenye lugha ya simu na ya vijiweni, naye anabaki nje mlangoni mpaka binti wa chuo amfungulie.

Ndiyo maana nasema Dodoma ni mahali pazuri mno kwa vitabu hivi. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia 2016, benchi moja hapa linaweza kuwa na Mgogo wa Mvumi, karani aliyetoka Dar es Salaam, mwalimu wa Kagera na mwanafunzi wa Pemba, na kila mmoja ana kicheko ambacho wenzake hawana. Mpe mwenzako ukurasa uleule, kaa kimya, tazama anacheka wapi. Akicheka mahali ambapo wewe hukucheka, ndipo umwulize. Usimweleze utani kabla hajausoma, utakuwa umemnyang'anya.

Jambo moja la haki kwa mwandishi. Si kila unachokisikia yeye alikiweka. Shamba la Wanyama liliandikwa na Mwingereza, likatoka 1945, na aliyesemwa mle, kupitia nguruwe wanaotawala shamba, ni Urusi ya Stalin. Tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ilitoka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na wapo walioisoma wakawaona nguruwe wa karibu zaidi. Hiyo ni raha halali kabisa, ila ni raha uliyoileta wewe. Mimi kwenye vitabu vyangu huandika pembeni “m” kwa kile ninachoamini ni cha mwandishi na “y” kwa kile nilicholeta mimi yangu. Mipaka yake huhama ninaporudia kusoma, na kuiona inahama kunanifurahisha kama utani wenyewe.

Mpangilio wa kusoma uwe huu: mara ya kwanza soma bila penseli, fuata hadithi, cheka panapochekesha, pita. Kusimama kila mstari kunaua kitabu. Mara ya pili ndipo uchukue karatasi ya majina na penseli. Penseli, si kalamu, kwa sababu kitabu kitakwenda kwa mwingine. Na palipokushinda weka alama ya kuuliza uendelee mbele. Nina nakala kadhaa mezani zenye alama hizo za wasomaji waliotangulia, na kwa mwandiko mwingine chini yake kuna jibu. Hizo siziuzi kwa bei ya juu, ila mteja akija na mwanawe anayeanza kusoma riwaya, ndizo ninazompa kwanza.