Kumsaidia Mtoto Kuzitambua na Kuzimudu Hisia Zake

Mtoto anayerudi kutoka shuleni akiwa amenuna, akatupa begi na kumsukuma mdogo wake, mara nyingi hukaripiwa papo hapo, naye hunyamaza. Kabla ya kumrekebisha, msaidie kwanza kuitaja hisia iliyompata. Muulize kwa upole kama amekasirika, ameona aibu au ameogopa, kwa kuwa watoto wadogo huita kila kitu hasira. Shirika la CASEL, lililoanzishwa Marekani mwaka 1994 kuhimiza ufundishaji wa stadi za hisia na mahusiano, hutaja stadi tano za aina hii: kujitambua, kujimudu, kuwajali wengine, kuhusiana vema na kufanya uamuzi wa busara. Kwa maoni yangu, tuanze na kujitambua, maana mtoto hawezi kuituliza hisia asiyoijua.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, wakati mzuri wa mazungumzo haya ni jioni, hasa Juni na Julai, baridi ya Mbeya, Mafinga na Njombe inapowakusanya wote jikoni kuota moto. Mtoto anayemenya viazi pamoja nawe huzungumza kwa urahisi kuliko aliyesimamishwa mbele yako ahojiwe. Anza wewe: "Leo sokoni nimeudhika, nikanyamaza kwanza, ndipo nikajibu." Kama nyumbani mnazungumza Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, itumieni lugha hiyo bila kusita.

Shuleni, mwalimu mwenye darasa kubwa aitumie migogoro midogo kama somo. Wanafunzi wawili wakigombania rula, awatenganishe, kisha kila mmoja avute pumzi kwa pua na kuitoa taratibu zaidi kuliko alivyoivuta, mara kadhaa, kwani kutoa pumzi polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Baada ya hapo mmoja aeleze yaliyotokea bila kukatizwa, na mwenzake ayarudie aliyoyasikia kabla ya kueleza ya kwake. Hatua hii ya kurudia ni ngumu, lakini msiiruke, kwa sababu ndipo mtoto anapolazimika kumsikiliza mwenzake kweli. Msamaha nao uambatane na tendo, kama vile kuirudisha rula au kuokota vitabu vilivyoangushwa. "Samahani" ya kushurutishwa mbele ya darasa humfunza kutamka tu.

Katika kikao cha wazazi, kubalianeni na mwalimu kutumia utaratibu uleule nyumbani na shuleni. Mtoto akijitenga kwa majuma kadhaa, akikosa usingizi au akimwogopa mtu fulani, msimsubiri abadilike mwenyewe: mwoneni mwalimu wa malezi na unasihi, au afisa ustawi wa jamii.