SOMO: Kuipasua 4294967297 kwa peni na karatasi tu

Wakuu, leo tuichukue hii namba tuipasue mpaka tujue imeundwa na nini. Wengi wakiona tarakimu 10 wanakimbilia kalkuleta, mi nasema kabla hujagawanya chochote angalia kwanza namba imetoka wapi.

Hatua ya 1: vipimo vya haraka. Inaishia na 7, kwahiyo 2 na 5 nje. Jumla ya tarakimu ni 59, 3 nje. Kwa 7, 11 na 13 kata makundi ya tatu tatu kutoka kulia, toa na jumlisha kwa zamu: 297 - 967 + 294 - 4 = -380, na 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo (inafanya kazi kwa sababu 7 x 11 x 13 = 1001).

Hatua ya 2, hapa ndo penye utamu. Ukijaribu namba tasa moja moja mpaka kwenye kipeuo cha pili, 65536 na kidogo, zipo 6542, utakesha. Lakini namba yetu ni 2^32 + 1! Mwanahisabati Fermat aliamini za aina hii (2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, kipeo kinajizidisha mara mbili kila hatua) zote ni tasa maana 3, 5, 17, 257 na 65537 kweli ni tasa, na hii ndo inayofuata. Sasa chukua namba tasa p inayoigawa: 2^32 ukigawa kwa p inabaki -1 (yani imepungua 1 tu kugawanyika), ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2^64 ambayo inabaki 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachobakisha 1, kwahiyo kwa kanuni ndogo ya Fermat huyohuyo (2^(p - 1) ukigawa kwa p tasa isiyo 2 inabaki 1), 64 lazima iigawe p - 1. Yani p ni 64k + 1, basi.

Hatua ya 3: ziandike, 65, 129, 193... futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Nne za mwanzo zinaacha baki 109, 2, 325 na 288.

Hatua ya 4: jaribu 641. 2^16 ni 65536, baki 154. 2^32 ni 2^16 mara yenyewe, kwahiyo 154 x 154 = 23716, ongeza 1 ni 23717, ambayo ni 641 x 37 kamili. Imepasuka! 4294967297 = 641 x 6700417. Mwanahisabati Euler aliyaonyesha haya mwaka 1732, kila nikirudia hesabu hii bado inanisisimua.

MASWALI

Swali: Mkuu, umejuaje hakuna kipeo kidogo kuliko 64?
Jibu: Kipeo cha kwanza kinachobakisha 1 lazima kiigawe 64, kwahiyo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Kingekuwa 32 au chini yake, 2^32 ingebakisha 1, wakati tumeona inabakisha -1.

Swali: Na 6700417 ni tasa?
Jibu: Ndio. Kigawo chake chochote kinaigawa namba kubwa pia, so sheria ya 64k + 1 bado inakibana. Kipeuo chake ni kama 2588, na zile nne ndogo zimeshagoma, kwahiyo jaribu 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113 tu, zote zinagoma.

Swali: Naweza kutumia njia hii kwa 1000000007?
Jibu: Hapana, ile sio 2^32 + 1 wala ndugu yake, hatua ya 2 yote inaanguka. Ila jaribu 2^64 + 1, vigawo vyake ni 128k + 1, anza kutafuta leo.